Denis Burkitt

Denis Parsons Burkitt (Enniskillen, Ireland, 28 Februari 1911 – Gloucester, Uingereza, 23 Machi 1993) alikuwa daktari mpasuaji aliyefanya kazi nchini Uganda kwa takriban miaka 20. Anajulikana hasa kwa kueleza aina ya saratani ya watoto inayoitwa kwa jina lake, yaani limfoma ya Burkitt, ambayo katika Afrika mara nyingi huonekana kwanza kama uvimbe wa taya.

Mbali na kuueleza ugonjwa wenyewe, Burkitt alichora ramani ya mahali unapopatikana barani Afrika. Alionyesha kwamba unafuata joto, mvua na kimo cha nchi juu ya usawa wa bahari. Kazi yake iliwafikisha watafiti wengine kwenye virusi vya kwanza kutambuliwa kuhusika na saratani ya binadamu, na baadaye kwenye uhusiano wa saratani hiyo na malaria. Alikuwa pia miongoni mwa madaktari wa kwanza kuonyesha kwamba saratani fulani inaweza kupona kwa dawa peke yake. Katika sehemu ya mwisho ya maisha yake alipata umaarufu kwa kuhimiza ulaji wa vyakula vyenye nyuzinyuzi.

## Familia na ujana

Burkitt alizaliwa katika mji wa Enniskillen, kaunti ya Fermanagh, ambayo leo ni sehemu ya Ireland ya Kaskazini. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa kaunti. Wakati wa mapumziko mzee huyo alichunguza ndege wadogo waliokuwa wakiishi karibu na nyumba yake. Aliwavisha pete za chuma miguuni ili amtambue kila mmoja, kisha akachora ramani ya eneo ambalo kila ndege alilitetea dhidi ya wenzake. Kazi hiyo ilimpa heshima miongoni mwa wataalamu wa ndege. Kwa hiyo Denis alikulia katika nyumba ambamo swali lilijibiwa kwa kuhesabu na kuchora ramani.

Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipigwa na jiwe usoni katika ugomvi wa watoto. Miwani yake ilivunjika na akapoteza jicho la kulia. Jeraha hilo lilikuja kuathiri safari yake ya kazi baadaye.

Mwaka 1929 alijiunga na chuo cha Trinity College mjini Dublin kusoma uhandisi kama baba yake. Baada ya muda mfupi alihamia masomo ya udaktari, akahitimu mwaka 1935. Alikuwa Mkristo mwenye imani thabiti na aliuona udaktari kuwa wito. Mwaka 1938 alifaulu mtihani wa Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji cha Edinburgh, kisha akafanya kazi kwa muda kama daktari wa meli iliyosafiri hadi Asia ya Mashariki.

Alipoomba kazi katika idara ya tiba ya makoloni ya Uingereza alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mwaka 1941, aliingia katika kikosi cha madaktari wa jeshi la Uingereza. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, aliyekuwa muuguzi, na baadaye walijaliwa mabinti watatu. Jeshi lilimpeleka Afrika Mashariki na halafu Ceylon, ambayo leo inaitwa Sri Lanka. Baada ya vita aliomba tena kazi katika makoloni. Safari hii alikubaliwa, na mwaka 1946 alitumwa Uganda.

## Lira na ramani ya kwanza

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, katika wilaya ya Lango, kaskazini mwa Uganda. Alikuwa daktari wa wilaya mwenye eneo kubwa na wasaidizi wachache. Kati ya wagonjwa aliowapasua walikuwamo wanaume wengi wenye mabusha.

Burkitt aliona kwamba wagonjwa hao hawakutoka sehemu zote za wilaya kwa kiwango kimoja. Aliwachunguza wanaume wa sehemu mbalimbali na kulinganisha idadi. Upande mmoja wa wilaya mabusha yalikuwa ya kawaida sana, na upande mwingine yalikuwa nadra. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1951. Sababu ya tofauti hiyo ilikuja kueleweka vizuri zaidi baadaye, kwa kuwa mabusha ya aina hiyo husababishwa na minyoo midogo ya matende inayoenezwa na mbu. Tangu hapo Burkitt alijua kwamba kuuliza ugonjwa unapatikana wapi kunaweza kusaidia kujua unatokana na nini.

## Mulago

Mwishoni mwa miaka ya 1940 alihamishiwa Kampala, katika Hospitali ya Mulago, ambayo ilikuwa pia hospitali ya kufundishia ya Chuo cha Makerere. Alifanya upasuaji wa kila aina na kufundisha wanafunzi wa udaktari. Alishughulikia pia watu waliopoteza miguu au kulemaa viungo, na akaanzisha utengenezaji wa viungo bandia vya bei nafuu kwa vifaa vilivyopatikana nchini.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita katika wodi ya watoto ili amtazame mvulana wa miaka mitano. Uso wa mtoto huyo ulikuwa umevimba pande zote mbili, katika taya la juu na la chini, na meno yake yalikuwa yamelegea. Jambo hilo halikufanana na usaha wa jino wala na uvimbe wa kawaida wa mfupa, kwa sababu magonjwa hayo hayaanzi sehemu nne kwa wakati mmoja. Madaktari hawakuweza kumsaidia.

Wiki chache baadaye Burkitt alitembelea hospitali ya wilaya ya Jinja. Huko alimwona msichana mwenye uvimbe wa namna ileile usoni, na alipompima tumboni akakuta uvimbe mwingine. Mtu anaweza kuliona tukio moja la ajabu na kulisahau. Matukio mawili yaliyofanana katika muda mfupi yalimfanya Burkitt atafute mengine.

Alirudi Mulago na kupitia kumbukumbu za watoto waliokufa kwa saratani. Aligundua kwamba watoto wengi wenye uvimbe wa taya walikuwa pia na uvimbe katika figo, ini, ovari au tezi nyingine. Kabla ya hapo kila daktari alikuwa ameona sehemu yake: daktari wa meno aliona taya, mpasuaji aliona tumbo, na mwingine alimpokea mtoto aliyepooza miguu kwa sababu uvimbe ulibana uti wa mgongo. Burkitt alisema yote hayo ni ugonjwa mmoja. Aliutangaza mwaka 1958 katika jarida la upasuaji la Uingereza.

Wataalamu wa patholojia wa Makerere, Jack Davies na Gregory O'Conor, walichunguza vipande vya uvimbe kwa hadubini. Walionyesha kwamba ni limfoma, yaani saratani ya seli za kinga ya mwili zinazoitwa limfosaiti. Kumbukumbu za Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na Albert Cook mwaka 1897, zilionyesha kwamba uvimbe huo ulikuwapo Uganda tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Basi haukuwa ugonjwa mpya.

## Kuuliza mahali

Burkitt alitaka kujua kama uvimbe huo upo Uganda tu au kwingineko pia. Msaada wa kwanza wa utafiti aliopata ulikuwa pauni 25 hivi. Kwa fedha hizo alichapisha karatasi zenye picha za watoto wagonjwa na kuzituma kwa hospitali za serikali na za misheni katika nchi nyingi za Afrika, akiuliza kama madaktari wamewahi kuona ugonjwa kama huo.

Majibu yalipofika aliyaweka kwenye ramani ya Afrika iliyotundikwa ukutani. Ukanda ulijitokeza, ukikatiza bara kutoka magharibi hadi mashariki, takriban nyuzi 10 hadi 15 kaskazini na kusini mwa ikweta. Upande wa kusini-mashariki ukanda ulikuwa na mkia ulioshuka kando ya pwani ya Msumbiji. Ndani ya ukanda kulikuwa na mapengo, hasa katika nyanda za juu.

Ramani ya namna hiyo inaweza kudanganya. Mahali pasipo na hospitali hakuna anayeripoti ugonjwa, na daktari asiyeujua ugonjwa hawezi kuuandika. Burkitt aliamua kwenda mwenyewe kwenye ukingo wa ukanda, kuongea na madaktari na kuona kama mipaka ile ni ya kweli.

## Safari ndefu ya 1961

Mnamo Oktoba 1961 aliondoka Kampala pamoja na madaktari wenzake wawili: Ted Williams, wa hospitali ya misheni ya Kuluva karibu na Arua, na Cliff Nelson kutoka Kanada. Walisafiri kwa gari la mitumba aina ya Ford lililonunuliwa kwa pauni 250. Kwa wiki 10 waliendesha takriban kilomita 16,000, wakipitia Kenya, Tanganyika, Nyasaland (Malawi ya leo), Rhodesia na Msumbiji hadi kusini mwa bara. Walitembelea karibu hospitali 60. Gharama yote ya safari ilikuwa chini ya pauni 700. Ilikuwa miezi ileile ambayo Tanganyika ilikuwa ikijiandaa kwa uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961.

Katika kila hospitali waliuliza maswali yaleyale: kama uvimbe wa taya kwa watoto unaonekana, mara ngapi, na wagonjwa wanatoka vijiji gani. Swali la mwisho lilikuwa la lazima. Hospitali iliyo mahali pa baridi inaweza kupokea wagonjwa kutoka bondeni, na hapo ni kijiji cha mgonjwa kinachotakiwa kuwekwa kwenye ramani, wala si jengo la hospitali.

Karibu na ikweta uvimbe ulikoma kwenye kimo cha mita 1,500 hivi. Juu ya hapo watoto hawakuupata, au waliupata mara chache mno.

## Kimo, hewa na joto

Miteremko ya Kilimanjaro inasaidia kuonyesha ugumu wa swali lililofuata. Msafiri anayetoka tambarare za joto za Kahe, akafika Boma Ng'ombe na kupanda kupitia Sanya Juu kuelekea Ngarenairobi, hupita katika hali ya hewa tofauti ndani ya saa chache. Kadiri anavyopanda, joto hupungua, mazao shambani hubadilika, na mbu wanaoeneza malaria huwa wachache. Hewa nayo huwa nyepesi, maana yake kila pumzi ina oksijeni kidogo zaidi. Mambo hayo yote hubadilika kwa pamoja. Mtu akikuta ugonjwa unaopatikana chini ya mlima na kukosekana juu, mlima huo mmoja hauwezi kumwambia ni lipi kati ya mabadiliko hayo linalouzuia.

Safari ya kusini ndiyo iliyoyatenganisha. Kadiri Burkitt na wenzake walivyokwenda mbali na ikweta, mpaka wa ugonjwa ulishuka. Karibu na ikweta ulikuwa mita 1,500, na kusini ya mbali ulikuwa mita mia chache tu juu ya bahari. Kama hewa nyepesi ingekuwa ndiyo inayowakinga watoto wa milimani, mpaka ungebaki kwenye kimo kilekile popote, kwa kuwa katika kimo kimoja hewa ya kusini mwa Afrika inakaribia kuwa sawa na ya Kenya. Kinachobadilika mtu akienda kusini ni joto: sehemu ya chini ya kusini ina baridi ya miezi kadhaa kama ile ya sehemu ya juu iliyo karibu na ikweta.

Mtaalamu wa virusi na wadudu Alexander Haddow, aliyekuwa akifanya kazi Entebbe, alisaidia kuisoma ramani kwa njia hiyo. Mpaka ulifuata mahali ambapo joto la miezi ya baridi hushuka chini ya nyuzi 16 za Selsiasi hivi. Baadaye ilionekana pia kwamba sehemu kavu, zenye mvua ya chini ya milimita 500 hivi kwa mwaka, hazikuwa na ugonjwa huo hata kama zilikuwa na joto. Joto na mvua kwa pamoja ni masharti yanayotakiwa na mbu.

Suala la oksijeni ya nje lisichanganywe na lile la oksijeni ndani ya uvimbe wenyewe. Uvimbe unaokua upesi huweza kuzidi uwezo wa mishipa yake ya damu, na seli zilizo mbali na mishipa hukosa oksijeni ya kutosha, hata kama mgonjwa anaishi pwani. Seli hizo huwa ngumu zaidi kuuawa kwa mionzi. Katika saratani ya titi, upungufu huo umehusishwa na uwezo wa seli kuhama na kusambaa katika viungo vingine. Hali hiyo hutokea mlimani na bondeni vilevile. Mpaka ambao Burkitt aliuona ulikuwa mpaka wa mazingira, nao ulihitaji maelezo ya mazingira.

## Virusi

Tarehe 22 Machi 1961, kabla ya safari ndefu, Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex mjini London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mtafiti kijana, Anthony Epstein, aliyekuwa akichunguza virusi vinavyosababisha saratani kwa kuku. Aliposikia kwamba saratani hii inafuata hali ya hewa, alifikiri kwamba huenda inasababishwa na virusi vinavyoenezwa na wadudu.

Wawili hao walikubaliana kushirikiana. Vipande vya uvimbe vilivyotolewa kwa watoto wa Mulago vilisafirishwa kwa ndege kutoka Entebbe hadi London. Kwa muda mrefu hakuna virusi vilivyoonekana. Hatimaye Epstein na wasaidizi wake, Yvonne Barr na Bert Achong, walifaulu kuotesha seli za uvimbe katika maabara. Mwaka 1964, kwa kutumia hadubini ya elektroni, waliona ndani yake virusi vya jamii ya hapesi ambavyo havikuwa vimejulikana. Vikaitwa virusi vya Epstein-Barr.

Ugunduzi huo ulikuwa mkubwa, lakini haukujibu swali la ramani. Ilibainika kwamba virusi hivyo huenea kwa mate, si kwa mbu, na kwamba watu wengi duniani wanavyo maisha yao yote bila kupata saratani. Watoto wa Nairobi na wa London wanavipata pia. Kwa nini basi saratani ilibaki katika ukanda wa joto?

## Malaria

Jibu lililokubalika zaidi ni kwamba mbu wanahusika kwa njia nyingine, yaani kwa kueneza malaria. Gilbert Dalldorf wa Marekani alikuwa miongoni mwa waliotoa wazo hilo mapema katika miaka ya 1960, na Burkitt alilitetea kwa maandishi mwaka 1969. Hapo aliacha dhana yake ya kwanza kwamba virusi vyenyewe vinabebwa na wadudu.

Ushahidi ulitoka pande kadhaa. Ukanda wa limfoma ulilingana na ukanda ambamo malaria ipo mwaka mzima. Katika visiwa vya Unguja na Pemba, ambako kulikuwa na joto na mvua ya kutosha lakini malaria ilikuwa imepunguzwa sana kwa kampeni za kupiga dawa, uvimbe ulikuwa nadra. Tena Burkitt na Dennis Wright walionyesha mwaka 1966 kwamba watu waliohamia sehemu za chini za Uganda kutoka nchi za milima waliupata ugonjwa wakiwa na umri mkubwa kuliko wenyeji. Wenyeji walikutana na malaria tangu utotoni, ilhali wahamiaji walikutana nayo mara ya kwanza wakiwa wakubwa.

Katika miaka ya 1970 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliendesha uchunguzi mkubwa katika eneo la West Nile, Uganda. Damu ya watoto wapatao 42,000 ilichukuliwa na kuhifadhiwa kabla hawajaugua. Wale waliopata limfoma baadaye walikuwa na kiwango kikubwa cha kingamwili za virusi vya Epstein-Barr muda mrefu kabla ya ugonjwa. Nchini Tanzania, kati ya 1977 na 1982, watoto wa North Mara karibu na Ziwa Victoria walipewa klorokwini ili kuona kama kupunguza malaria kutapunguza limfoma. Idadi ya wagonjwa ilishuka na kisha kupanda tena baada ya mradi, lakini kushuka kulikuwa kumeanza kabla ya dawa kutolewa. Kwa sababu hiyo matokeo yaliunga mkono wazo la malaria bila kulithibitisha kikamilifu.

Siku hizi wataalamu wanaeleza kwamba mambo matatu hukutana. Virusi vya Epstein-Barr huingia katika seli B za kinga wakati wa utoto. Malaria ya mara kwa mara huzichochea seli hizo kugawanyika na wakati huohuo hudhoofisha ulinzi unaozidhibiti. Katika kugawanyika huko, seli moja huweza kupata kosa ambamo kipande cha kromosomu namba 8 hubadilishana nafasi na kipande cha kromosomu nyingine, mara nyingi namba 14. Kosa hilo huiwasha jeni inayoamuru seli igawanyike bila kukoma. Ndiyo maana uvimbe wa Burkitt ni miongoni mwa saratani za binadamu zinazokua upesi kuliko zote.

## Tiba kwa dawa

Mwaka 1960 Mulago haikuwa na mashine ya mionzi, na upasuaji haukufaa kwa uvimbe uliokuwa sehemu nyingi mwilini. Burkitt akajaribu dawa chache za saratani zilizokuwapo, baadhi zikiletwa na wataalamu kutoka Marekani, akiwemo Joseph Burchenal wa New York. Dawa hizo ni pamoja na methotreksati, siklofosfamidi na vinkristini.

Matokeo yalishangaza. Uvimbe uliokuwa ukiharibu uso wa mtoto ulisinyaa katika siku chache. Wengi waliugua tena baadaye, lakini baadhi walipona kabisa, wengine baada ya dozi chache sana. Seli zinazogawanyika haraka ndizo zinazouawa kwa urahisi zaidi na dawa za namna hiyo, hivyo kasi ya uvimbe ilikuwa pia udhaifu wake. Wakati huo madaktari wengi duniani hawakuamini kwamba saratani inaweza kuponywa kwa dawa peke yake. Watoto wa Uganda walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonyesha kwamba inawezekana.

Mwaka 1967 kituo maalumu cha matibabu ya limfoma kilifunguliwa Mulago kwa ushirikiano na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa John Ziegler, na mpasuaji Mganda Sebastian Kyalwazi alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Kituo hicho kilikua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, ambayo ilipata kuongozwa na Charles Olweny na ingali ikifanya kazi.

## Nyuzinyuzi katika chakula

Mwaka 1966 Burkitt alirudi Uingereza na kufanya kazi chini ya Baraza la Utafiti wa Tiba. Huko alikutana na daktari wa jeshi la majini, Peter Cleave, aliyedai kwamba magonjwa mengi ya nchi tajiri yanatokana na sukari na unga uliokobolewa. Burkitt alikumbuka kwamba katika miaka yake Uganda aliona mara chache mno magonjwa kama uvimbe wa kidole tumbo, saratani ya utumbo mpana na bawasiri, ambayo yalijaza wodi za Uingereza.

Alitumia njia yake ya zamani. Aliwaandikia madaktari wa hospitali za misheni katika Afrika na Asia akiwauliza ni magonjwa gani wanayaona kila mwezi. Pamoja na Trowell na Alec Walker wa Afrika Kusini alisema kwamba tofauti iko katika nyuzinyuzi, yaani sehemu ya mimea isiyomeng'enywa tumboni. Kwa mpishi wa Afrika Mashariki ni tofauti iliyopo kati ya dona na sembe: katika sembe sehemu kubwa ya pumba imeondolewa. Mwaka 1979 alitoa kitabu kwa wasomaji wa kawaida kilichouzwa sana na kutafsiriwa katika lugha nyingi.

Wakosoaji walisema kwamba Burkitt aliyaweka magonjwa mengi mno chini ya sababu moja. Maisha ya kijijini yanatofautiana na ya mjini kwa mambo mengi, kama vile kazi za mikono, uzito wa mwili, uvutaji wa sigara na umri wa kuishi. Tafiti za baadaye zimeunga mkono faida ya nyuzinyuzi kwa magonjwa kadhaa, ikiwemo saratani ya utumbo mpana, ingawa si kwa yote aliyoyataja.

## Heshima, kifo na urithi

Mwaka 1972 Burkitt alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London, na mwaka huohuo alipata tuzo ya Lasker ya Marekani pamoja na watafiti wengine wa tiba ya saratani kwa dawa. Aliendelea kusafiri na kuhutubia hadi uzeeni. Alifariki mjini Gloucester tarehe 23 Machi 1993 akiwa na umri wa miaka 82.

Limfoma ya Burkitt ingali miongoni mwa saratani zinazoonekana zaidi kwa watoto katika sehemu za Afrika zenye malaria nyingi, zikiwemo kanda za Ziwa Victoria nchini Tanzania, Kenya na Uganda. Dalili zake za kawaida ni uvimbe wa taya unaokua katika siku au wiki chache, meno kulegea bila kuoza, jicho kutokeza, au tumbo kuvimba. Kwa kuwa seli zake huweza kuongezeka maradufu katika siku moja au mbili, kuchelewa kwa wiki kadhaa hubadilisha hali ya mgonjwa kabisa. Katika nchi tajiri watoto wengi wanaotibiwa hupona. Katika Afrika Mashariki wanaopona ni wachache zaidi, kwa sababu wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa, au familia hushindwa kumaliza dozi kwa ajili ya umbali na gharama.

Kazi ya Burkitt ilitegemea watu wengi ambao hawakuwa wanasayansi: wazazi waliosafiri na watoto wao, wauguzi, waganga wasaidizi na madaktari wa wilaya waliojibu barua zake. Kila jibu lilikuwa alama moja kwenye ramani. Alama hizo zilipokusanywa ndipo ilipoonekana kwamba saratani, ambayo wengi waliidhania kuwa haina mpangilio, inaweza kuwa na mipaka, na kwamba mipaka hiyo ina sababu zinazoweza kutafutwa.